Muulize Muuguzi: Valvu ya Ng'ombe Itanifikisha Wapi?

Safu hii huandikwa na muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji wa moyo. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

*Shikamoo mama. Nina miaka 27, naishi Pangani. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa naumwa koo mara kwa mara na viungo vinavimba, leo goti, kesho kiwiko, nyumbani wakasema ni kukua. Sasa valvu yangu ya mitrali imeharibika. Nikifua nguo mbili tatu tu nahema. Dar es Salaam wamesema nitabadilishiwa na nichague, ya chuma au ya mnyama. Nimeolewa, sijapata mtoto na namtaka sana. Daktari alisema ya mnyama haidumu, ila foleni ilikuwa ndefu, hakunifafanulia. Mama yangu anataka nichague ya chuma nisije nikapasuliwa mara mbili. Itadumu miaka mingapi? Niambie ukweli.*
Binti wa Pangani

Marahaba mwanangu. Kwa umri wako, na kwa valvu ya mahali hapo, ule mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, jiandae kwamba utapasuliwa tena. Anayechagua valvu ya mnyama akiwa na miaka 27 amechagua na upasuaji wa pili. Kinachobaki kuamuliwa ni namna utakavyoufikia: utaingia hospitali kwa miguu yako siku uliyopangiwa, au utabebwa usiku, mapafu yamejaa maji, huwezi hata kulala chali. Nimewapokea wagonjwa wa namna zote mbili, na tofauti ya matokeo yao ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa urefu.

Umeniuliza miaka. Huko Tours, Ufaransa, madaktari waliwafuatilia kwa zaidi ya miaka 20 watu waliowekewa valvu zilizotengenezwa kwa ngozi nyembamba inayoufunika moyo wa ng'ombe. Waliowekewa upande wa mitrali wakiwa na umri chini ya miaka 60, valvu ilitarajiwa kudumu miaka 11 na kitu. Wenye miaka 60 hadi 70, ikawa 16 na kitu. Waliozidi 70, ikapita 19. Lakini wagonjwa wa Tours kwa wastani walikuwa watu wazima sana kuliko wewe. Hata hao "chini ya 60" usidhani ni mabinti wa umri wako. Kwa hiyo hiyo 11 usiishike kama ahadi. Wapo vijana ambao valvu imewachokea mapema kuliko hapo, na wapo ambao imewavusha. Wanawake wengi wa rika lako huwa nawashauri wapange maisha yao kwa miaka minane hadi kumi, kisha kila mwaka unaoongezeka wamshukuru Mungu.

Kwa nini mitrali inachakaa mapema kuliko valvu ya aota, ule mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini? Angalia karatasi yako ya presha. Imeandikwa namba mbili, tuseme 120 kwa 80. Moyo unapokamua, mitrali ndiyo iliyofungwa, na mgongoni kwake inasukumwa na ile namba ya juu. Valvu ya aota hufungwa moyo unapopumzika, kwa hiyo inabeba ile ya chini. Fanya hesabu ya mapigo laki moja kwa siku, mwaka hadi mwaka, utaona ni nani anayechoka kwanza. Na wewe una nguvu, mwili wako unaendesha kalsiamu kwa kasi na kinga yako iko macho. Yote hayo ni afya njema kwako, lakini kwa kipande cha ng'ombe kilichoshonwa ndani yako ni kazi ngumu.

Nikueleze kitu chenyewe, maana wengi hukiwekewa bila kukiona. Valvu mpya hufika chumba cha upasuaji ndani ya chupa yenye maji ya dawa. Ina pete iliyovikwa kitambaa cheupe, ambapo daktari hupitisha nyuzi, vinguzo vitatu vidogo, na vipande vitatu vya ngozi laini rangi ya maziwa vinavyokutana katikati. Kazi ya kuiosha ilikuwa yangu. Unaipitisha kwenye bakuli za maji ya chumvi, moja baada ya nyingine, unaitikisa taratibu, kwa sababu ile dawa, glutaraldehaidi, haitakiwi kuingia kwenye damu. Na usiache ikauke hata kidogo. Dawa hiyo ndiyo iliyowezesha jambo zima. Mfaransa Alain Carpentier ndiye aliyeitumia miaka ya 1960 kuitibu nyama ya mnyama ili mwili wa binadamu usiikatae na isioze. Kabla ya hapo, valvu za wanyama zilikuwa zinaharibika upesi mno.

Halafu nimeshika pia zile zinazotolewa baada ya miaka. Ngozi iliyokuwa laini imekuwa ngumu kama ganda la yai, njano, ina chembe za chokaa ambazo ukipitisha kidole chenye glavu zinakukwaruza. Nyingine imechanika pembeni mwa nguzo. Iliyojaa chokaa haifunguki vizuri, iliyochanika haifungi. Mara nyingi yote mawili huja taratibu, na mwenye nayo anaanza kwa kusema, "nimezeeka siku hizi, ngazi zinanishinda."

Sasa ya chuma. Tunaiita ya chuma ingawa vibawa vyake ni vya kaboni ngumu. Hiyo haichakai namna hiyo. Marekani waliwafuatilia wanaume waliopasuliwa kati ya 1977 na 1982. Kufikia miaka 15, kwa wenye umri chini ya miaka 65 waliobadilishiwa mitrali, valvu za nguruwe za wakati ule zilikuwa zimeharibika kwa 44 katika kila 100. Za chuma hazikufika hata 10. Kwa hoja hiyo mama yako yuko sahihi, na usimuone mtu wa zamani.

Ila chuma hugandisha damu, kwa hiyo unakunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yako yote, kila siku, na kupima INR, kile kipimo cha kuona damu inachukua muda gani kuganda. Kwa mitrali ya chuma hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, donge la damu linaweza kuizuia valvu au kupanda kichwani likaleta kiharusi. Ikizidi, unavuja damu. Septrini huipandisha, Flagili huipandisha, dawa za kifua kikuu zenye rifampisini huishusha, na zile za mitishamba za kwenye chupa ya maji hakuna anayejua zitafanya nini. Je, Pangani INR utaipima wapi, na kwa nauli ya nani kila mwezi? Usichague ya chuma kabla hujapata jibu la swali hilo. Niliwaona wengi waliopewa valvu nzuri mjini, wakarudi vijijini ambako hakuna wa kuwapimia damu.

Na mtoto. Wafarini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito ndipo inapoweza kumharibu maumbile, hasa mama akihitaji zaidi ya miligramu 5 kwa siku, na baadaye inaweza kumvujisha damu. Ukiiacha ukahamia sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mtoto anakuwa na nafuu, lakini hatari inahamia kwenye valvu yako. Wapo wanawake wenye valvu za chuma waliojifungua salama, wakisimamiwa na madaktari wa moyo na wa uzazi pamoja, tangu mimba haijaonekana. Ni njia nyembamba. Mwenye valvu ya mnyama inayofanya kazi vizuri, ambaye moyo unapiga kwa mpangilio, hutumia wafarini miezi mitatu hadi sita ya mwanzo tu, kisha huachishwa. Hapo ujauzito wake unakuwa na wasiwasi mdogo kwa mbali, japo bado ni wa hospitali kubwa, si wa zahanati.

Umeona nimesema "moyo unapiga kwa mpangilio". Hilo ndilo ambalo pengine hukuambiwa. Ugonjwa huu wa mitrali hutanua chumba cha juu cha moyo, na kikitanuka sana mapigo huanza kuruka ovyo. Akifika hapo mgonjwa anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda hata valvu ikiwa ya ng'ombe. Faida kubwa ya valvu ya mnyama inakuwa imepungua nusu yake. Kwa hiyo rudi, na kabla ya kuchagua mwulize daktari mambo haya: mapigo yangu yana mpangilio? Valvu yangu haiwezi kurekebishwa, au kupanuliwa kwa puto, badala ya kubadilishwa? Ikibidi ya mnyama, mtanipangia eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kila mwaka? Uliza hata kama foleni ni ndefu. Wanaosubiri nyuma yako watavumilia.

Ukiniuliza ningemwambia nini binti yangu wa kumzaa: kama mapigo yako ni mazuri na valvu haiwezi kurekebishwa, ningemwambia achukue ya ng'ombe, apate watoto wake katika ile miaka ya mwanzo valvu ikiwa safi, baada ya daktari kuridhika na eko, asikose kipimo hata mwaka mmoja, na siku akiambiwa "imeanza kuchoka" asikimbilie maombi ya kuiponya valvu. Aombe, na aingie kwenye orodha ya upasuaji. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu moyo huwa umegandana na mfupa wa kifua kwa makovu, na msumeno unapita karibu nao. Kwa mtu aliyekuja mapema, mwenye nguvu, hatari hiyo inabebeka. Kwa aliyekuja amevimba miguu hadi mapajani, figo zimeanza kugoma, ndipo tunapopoteza watu. Mpelekee mama yako barua hii aisome, kisha kaeni na mumeo muamue, maana yeye naye lazima ajue kwamba kuna pesa za safari ya pili zinazotakiwa kuwekwa kidogo kidogo tangu sasa.

Mawili ya mwisho. Sindano yako ya penisilini ya kila wiki tatu au nne usiiache eti kwa sababu valvu imebadilishwa. Homa ya rumatiki iliyokuanzia kooni inaweza kurudi na kuzishambulia valvu zako nyingine ambazo bado ni zako. Na ukitoka hospitali dai kadi ya valvu, yenye aina, saizi na namba yake. Itie kwenye plastiki, ipige picha, mpe mumeo nakala. Atakayekufungua mara ya pili ataihitaji kuliko anavyohitaji historia yako yote.

*Habari za kazi, muuguzi. Nina miaka 68, nimebadilishiwa valvu ya aota mwaka wa tisa huu, ya ng'ombe. Nipo vizuri, nalima kahawa yangu Mbozi, napanda kilima bila kusimama. Kliniki niliacha zamani kwa sababu kila nikienda wanasema "uko sawa". Jirani yangu mwenye valvu anakatazwa mchicha na kisamvu, mimi nakula. Nakosea?*
Mzee wa Mbozi

Shikamoo mzee wangu. Mboga kula. Jirani yako bila shaka yuko kwenye wafarini, na hata yeye hakatazwi mboga: anatakiwa ale kiasi kile kile kila wiki, asile kisamvu siku saba mfululizo kisha akaacha mwezi mzima, ili kipimo cha dozi kisiyumbe. Wewe ambaye hupo kwenye dawa hiyo, jitosheleze.

Kuhusu kliniki, nakuomba urudi. Habari zako ni njema: hao hao wa Tours, kwa upande wa aota, waliona valvu ikitarajiwa kudumu miaka 17 na nusu hivi kwa waliowekewa wakiwa chini ya miaka 60, na 22 kwa waliokuwa na miaka 60 hadi 70. Waliovuka 70 karibu wote hawakuhitaji tena kupasuliwa kwa sababu ya valvu kuchakaa, walitangulia wao. Wewe uliwekewa ukiwa na 59, kwa hiyo upo kwenye nusu ya safari, na nusu ya pili ndiyo yenye kona. Chokaa huanza kujikusanya kimya kimya. Mwanzoni eko inaona, daktari akiweka kifaa masikioni anasikia mvumo mpya, wewe husikii kitu. Ukingoja mpaka kilima kikushinde, umengoja sana.

Faida ya kuijua mapema imeongezeka siku hizi. Mwaka 2002, mjini Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier aliweka valvu ya aota kupitia mshipa wa kwenye kinena bila kufungua kifua. Njia hiyo sasa hutumika pia kuingiza valvu mpya ndani ya ile ya zamani iliyochoka, na kwa mzee wa miaka 75 au 80 hiyo ni neema. Ni ghali sana, sikufichi, na haimfai kila mtu, kwani ikiwa saizi ya valvu ya kwanza ni ndogo hakuna nafasi ya kuweka nyingine ndani yake. Kwa sababu hiyo nawe tafuta kadi yako. Kama imepotea, andika barua hospitali uliyopasuliwa, wana kitabu cha chumba cha upasuaji na namba ya valvu yako imo. Eko mara moja kwa mwaka, na presha yako ipimwe hapo hapo Mbozi kila mwezi, maana presha ikipanda, na ile namba ya chini niliyomweleza binti hapo juu ikipanda nayo, huichosha valvu ya aota.

Na wakikwambia tena "uko sawa", mzee wangu, hilo ndilo neno uliloendea.

*Assalamu alaykum. Baba mkwe wangu anahitaji valvu. Alisikia kwamba nyingine ni za nguruwe, akasema bora afe Mwislamu safi. Tumeshindwa naye. Tunaishi Unguja. Tufanye nini?*
Mkwe

Waalaykum salaam. Mheshimu kwanza, anachokilinda ni dini yake. Halafu mwambie habari ambayo inaelekea hakuna aliyempa: valvu nyingi za kushonwa zinazotumika leo zinatokana na ng'ombe, si nguruwe. Mwambie daktari wazi kabla ya siku ya upasuaji, iandikwe kwenye faili: "ya ng'ombe tu." Ombi hilo halimkeri daktari yeyote, nimelisikia mara nyingi na likatekelezwa. Na kama umri wake ni mkubwa, valvu ya ng'ombe ndiyo ambayo pengine angeshauriwa hata angekuwa Mkristo.

Kuna jambo moja sitaki alijue baadaye akawalaumu. Heparini, dawa inayozuia damu isigande wakati mashine inafanya kazi ya moyo, kwa kawaida hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe, na upasuaji wa moyo wazi hauendi bila kuzuia damu kuganda. Mimi si mwanachuoni. Najua kwamba wanazuoni wengi wamejibu suala hili kwa msingi wa dharura, na aya ya 173 ya Suratul Baqara anaifahamu kuliko mimi. Mpelekeeni imamu anayemwamini, na aende na daktari au muuguzi aliye tayari kujibu maswali ya tiba hapo hapo. Msimfiche chochote wala msimdanganye. Na msichelewe, kwa sababu kama yake ni ya aota iliyoziba, ikishaanza kumwangusha mtu kwa kizunguzungu, muda uliobaki si mwingi.

*Mama, nina valvu ya mnyama, jino linauma. Daktari wa meno anasema aling'oe leo leo.*
Wa Mwanjelwa

Ling'olewe, jino bovu ni hatari kwako kuliko kung'olewa. Ila mwonyeshe kadi ya valvu kabla hajagusa kinywa. Ukiwa huna mzio wa penisilini, unameza amoksisilini gramu 2 kwa mpigo mmoja, nusu saa hadi saa moja kabla. Kama una mzio, mwambie, zipo nyingine. Bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu hupenda kutua juu ya valvu ya kuwekewa, na wakitua huila kwa wiki chache kazi ambayo ingedumu miaka.

Na kwa nyote mlioandika: mkipata homa isiyoeleweka, ikapita siku mbili tatu, msinunue antibayotiki dukani. Malaria ipimwe, sawa, lakini nendeni hospitali mkasema neno hili mlangoni, "nina valvu ya kuwekewa", na damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha vijidudu kabla ya dozi ya kwanza. Dozi ikitangulia, vijidudu hujificha na madaktari wanabaki wanabahatisha.